Kwa Nini Simwiti Mgeni kwa Mkono

Wenzangu mnaobaki kazini,

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Tulikula biriani, mkasema maneno mazuri, kisha mmoja wenu akaigiza mwendo wangu mbele ya watu wote, mikono kaifunga nyuma na filimbi iko mdomoni. Mlicheka mpaka mkashika mbavu, na mimi nilicheka pamoja nanyi. Ndipo yule binti aliyeanza kazi juzi, aliyekuja kutoka bara, akaniuliza kwa adabu zake zote: "Mzee Athmani, samahani, mkono wako una nini? Mbona humwiti mtu kwa mkono kama watu wengine?" Nilimjibu kwamba uzee una mambo yake. Ule ulikuwa uongo, na haya ninayoandika ndiyo jibu lake.

Sitasema habari za vyeo wala mishahara. Mishahara mnaijua wenyewe. Ya vyeo mtaelewa mkifika mbele.

Niliingia kazini kijana wa Shela, hapa hapa Malindi, nikiwa na shati moja jeupe na Kiitaliano nilichokiokota ufukweni kwa masikio. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, viti vitatu na bango kubwa. Bango lilisema "Safari ya Siku Moja: Maziwa na Milima", na chini yake palikuwa na picha ya mlima wenye theluji na ziwa la buluu, ambayo tajiri wetu aliikata kwenye kalenda iliyotoka ng'ambo. Milima hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni magenge ya udongo mwekundu, mweupe na wa manjano, huko ndani Magarini, mvua imeyachimba miaka na miaka mpaka yakasimama wima kama mishumaa. Maziwa yalikuwa mawili, madogo, karibu na mto, na moja hukauka kabisa jua likizidi. Kuna wageni waliokuja na makoti mazito, wakayabeba mkononi kutwa nzima bila kulalamika. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliposikia nimepata kazi ya maziwa, aliniuliza kama nitakuwa nikirudi nyumbani na chupa moja ya chai ya jioni.

Mkuu wetu wa safari alikuwa Mzee Karisa, Mgiriama wa Adu. Nasema mzee kwa heshima tu, kwani wakati ule hakuwa na mvi hata moja. Alikuwa mrefu, mkimya, amevaa ndara za mpira wa gari, na mkononi ana fimbo ya mkwaju iliyopauka pale anapoishikia. Kiingereza chake kilikuwa cha kuhesabika na Kiitaliano chake kilikuwa kibaya kuliko changu, lakini wageni walimfuata yeye. Mimi nilizungumza sana, nao wakaniangalia kwa huruma.

Alinifundisha kazi kwa kuniamrisha, si kwa kunieleza. Nihesabu watu tukishuka garini, niwahesabu tukianza kutembea, niwahesabu tena kabla ya chakula, na nikisahau nianze upya mbele yao, aibu itanikumbusha kesho. Nigonge ardhi kwa fimbo kabla ya mgeni kukanyaga karibu na genge. Mlio mzito ni salama, mlio wa debe tupu maana yake chini maji yameshakula. Maji ya kunywa ya njia ya kurudi yasiguswe hata mgeni akinuna. Mgeni akiuliza kama kuna nyoka, nimwambie wapo, na hapo hatatoka njiani. Mengi kati ya haya mnayafanya hadi leo, na pengine mnadhani niliyatunga mimi.

Sasa niseme la siku yangu ya kwanza, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Tulikuwa kando ya ziwa, kama saa mbili asubuhi, viboko wanapumua karibu na matete. Mgeni mmoja, bwana mnene mwenye kofia ya majani, akabaki nyuma. Nami, kwa kutaka nionekane kijana wa kisasa, nikamwita kama nilivyowaona watu wakiitana kwenye filamu: kiganja juu, kidole kimoja kinajikunja. Yule bwana alikuja akitabasamu, hakuona kosa lolote. Mzee Karisa aliona. Alinivuta pembeni, nyuma ya gari.

"Athmani, huyo ni mbwa wako?"

"La, mzee."

"Basi mbona unamwita kwa kidole? Umezaliwa wapi wewe?"

"Lakini mzee, wao ndivyo wanavyoitana."

"Wao wakiwa kwao. Hapa ni kwetu, na mgeni akija kwetu huitwa kama mtu." Akanyoosha mkono wake mrefu mbele yangu, kiganja kimetazama chini, vidole vinne vikapepea taratibu kuja kwake. "Hivi. Mkono unainama. Unamwita mtu, na hapo hapo unamsalimu. Nifanyie nikuone."

Nilimfanyia. Alinirudisha mara ya pili na ya tatu, mpaka dereva akaanza kucheka ndani ya gari. Tangu siku hiyo sikumwita mgeni kwa kidole tena. Na wageni wetu wengi walikuwa Waitaliano, ambao kwao wenyewe huita kwa mkono wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo miaka ilipita na haikuleta neno.

Miaka hiyo ilikuwa na taabu zake za kawaida. Gari limewahi kunasa kwenye tope la mto tukalala njaa na wageni kumi na mmoja, tukagawana ndizi na mkate mmoja. Bwana mmoja alivua nguo aogelee na viboko, na Mzee Karisa hakumpigia kelele. Alizichukua nguo zake, akazitia garini na kuwasha injini, na yule bwana akatoka majini mbio. Wapo walioshuka magengeni wakalia bila sababu yoyote, na wapo waliotazama mara moja wakauliza choo kiko wapi. Mimi nilikuwa mkia, yaani mtu wa mwisho kwenye mstari, anayehakikisha hakuna aliyesahaulika. Mzee Karisa alikuwa mbele, na tukifika juu ya genge, yeye ndiye aliyesimama ukingoni. Hiyo ilikuwa sheria ya ofisi, iliyoandikwa: ukingo ni zamu ya mkuu.

Siku yenyewe tulikuwa na wageni tisa, na hakuna Mwitaliano hata mmoja. Walitoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, watu wa sauti ndogo. Kati yao alikuwepo mama mmoja wa makamo aliyekuja peke yake, amevaa kofia ya buluu. Jina lake nalijua, ila si langu kuliandika hapa. Tulipokula mchana alinionyesha picha ya mumewe aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Akaniambia mumewe alipenda sana milima, na kwamba yeye aliliona bango letu ofisini ndiyo maana akalipa. Akaniuliza, "Milima iko wapi?" Nikamwambia ataiona alasiri. Tangu kazi ianze nilikuwa nimewajibu watu hivyo mara nyingi, kwa mzaha, lakini siku ile nilimwonea haya na wali ukanishinda.

Saa tisa na nusu tulikuwa juu ya genge kubwa, jua limeanza kulala na rangi za udongo zinatoka. Upepo wa saa zile huko hupanda kutoka chini ya korongo na kumpiga mtu usoni, mkisimama hatua ishirini hamsikizani. Watu wanne walikuwa wameshashuka kwenye kijia cha chini. Mmoja wao, babu wa watu, akapatwa na kizunguzungu akakaa chini, mkewe akaanza kupunga kitambaa. Mzee Karisa alinigeukia.

"Shika ukingo," akaniambia. "Usiuache hata mamako akikuita."

"Nimeshika, mzee."

Akashuka na fimbo yake. Nikabaki juu na watu watano, ukingo ni wangu. Nilikuwa nimeusubiri ukingo ule miaka mingi, na niseme kweli, nilijisikia mkubwa.

Yule mama akanijia, akanipa kamera yake. Alitaka picha, korongo liwe nyuma yake. Akaenda kusimama kwenye ulimi wa udongo uliotokeza mbele kidogo, akanigeukia, mgongo ameuelekeza bondeni. Nikatazama kwenye kamera, nikaona amesogea mno. Pale nilikuwa nimepagonga kwa fimbo mwezi uliopita, pakalia kama debe. Nilishusha kamera, nikaishika kwa mkono wa kushoto. Nikapaza sauti, "Njoo! Njoo huku!" kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine zote nilizokuwa nazo, upepo ukazichukua. Nikanyoosha mkono wa kulia, kiganja chini, nikamwita kama nilivyofundishwa.

Alitabasamu, akarudi nyuma hatua moja.

Sikuelewa. Nilidhani hajaniona. Nikamwita tena, kwa nguvu na haraka, mkono wote unapepea. Akaitikia kwa kichwa kuonyesha amenielewa, akarekebisha kofia yake, akarudi hatua ya pili. Kwao mkono ule maana yake ni sogea nyuma. Alikuwa akinitii. Aliona mwongozaji ana kamera anamwambia rudi kidogo, rudi kidogo, picha itoke vizuri. Kadiri nilivyomwita ndivyo alivyorudi, na mimi badala ya kukimbia kumshika nilibaki nimesimama palepale nikiita. Ulimi ule wa udongo ulikatika bila kelele. Kofia ilipanda na upepo, ikaruka juu ya vichwa vyetu, ikaanguka nyuma yangu kwenye nyasi.

Tulimtoa chini kwa kamba na machela ya matawi. Mzee Karisa ndiye aliyemfikia kwanza. Yule mama alikufa njiani, kabla hatujafika Malindi, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya yule mke wa babu mwenye kizunguzungu, ambaye hawakuwa wakijuana.

Askari aliyeandika maelezo alikuwa mtu mpole, na upole wake uliniharibia, kwa sababu hakunibana. Aliniuliza ilikuwaje. Nikasema aliteleza. Akauliza nani alikuwa na zamu ya ukingoni. Mzee Karisa alikuwa amesimama mlangoni, suruali yake ina udongo mwekundu mpaka magotini. Ningeweza kusema: mimi. Ningeweza kusema: nilimwita, akafuata mkono wangu. Nilikuwa na mke mwenye mimba ya kwanza, lakini sitaki kumsingizia mtoto ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Niliogopa, basi.

Nikasema, "Kwa sheria ya ofisi, ukingo ni wa mkuu."

Askari akainua macho. "Ni kweli, mzee?"

Mzee Karisa alinitazama. Nimekaa na mtazamo ule miaka yote hii, na hadi leo siwezi kuwaambia ulikuwa wa hasira. Afadhali ungekuwa wa hasira.

"Ni kweli," akasema. "Ukingo ni wangu."

Walimnyang'anya kitambulisho cha uongozaji wiki ile ile. Ofisi ilitoa taarifa kwamba mwongozaji mkuu aliacha zamu yake. Alikuja kuchukua vitu vyake asubuhi, vitu vyenyewe ni kikombe na koti la mvua. Alipofika mlangoni akarudi, akanipa fimbo.

"Hii shambani haitanifaa," akasema. "Wahesabu watu."

Nikapewa nafasi yake. Niliwaambia sitasema ya vyeo. Sasa mnajua cheo changu kilitoka wapi.

Baada ya hapo mkono wangu ulikataa. Si ugonjwa, daktari hakupata kitu. Nikitaka kumwita mtu naanza kuunyanyua, halafu naona kofia ya buluu inapanda, basi naufunga nyuma. Ndipo nikanunua filimbi. Ndipo nikaanza ile desturi mnayoiita ukaidi wa Mzee Athmani, kwamba hakuna mgeni anayepigwa picha mgongo ukiwa bondeni, na kwamba mgeni aliyesogea ukingoni haitwi. Nawaandikia tena, mara ya mwisho, na sasa mnajua inatoka wapi. Usimwite. Kila nchi ina mkono wake, na wewe huwezi kuijua yote. Mwendee. Nenda mpaka alipo, mshike kiwiko, rudi naye. Akikasirika muombe radhi mkiwa mmesimama mahali pagumu.

Bango nalo nililishusha mwenyewe. Tajiri alinuna mwezi mzima.

Kwenda Adu nilikuwa nikisema nitaenda. Mwaka wa kwanza nilisema mambo yapoe. Mwaka wa tano nilisema ameshasahau, nitamtonesha kidonda. Kisha nikawa sisemi chochote, na gari la Adu nikiliona stendi napita upande mwingine. Nilipostaafu sikubaki na kisingizio. Siku ya nne baada ya biriani yenu niliichukua fimbo, nikaenda.

Kwa Mzee Karisa ni mbali kidogo na barabara. Pikipiki iliniacha kwenye ua wa minyaa. Mama mmoja wa miaka arobaini hivi alikuwa akipukuchua mahindi kwenye mkeka mbele ya nyumba, na upande wa pili wa uwanja, chini ya mkorosho, nililiona kaburi. Udongo wake ulikuwa bado haujashikana.

"Shikamoo, baba," akaniambia, akanisogezea kigoda.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ni kwa Mzee Karisa?"

"Ni hapa. Mimi ni Dama, binti yake. Ametuacha, huu ni mwezi wa pili." Aliitazama fimbo. "Wewe ni Athmani."

Nikauliza amejuaje. Akasema baba yake alikuwa akinitaja, kwamba ana kijana wake Malindi, fundi wa kuhesabu watu. Hakunitaja kwa ubaya hata siku moja. Nilitamani aseme alinilaani.

Akanipa maji. Akanisimulia maisha ya baba yake baada ya kazi: mihogo, mahindi, mbuzi wachache. Sokoni watu walimwita Mwacha Ukingo, na mkewe alipokwenda kununua chumvi alilisikia jina hilo nyuma yake. Mzee hakumjibu mtu. Kisha Dama akacheka kidogo, kile kicheko cha mfiwa.

"Alikuwa na jambo moja la ajabu. Hakumwita mtu kwa mkono. Sisi wanawe, wajukuu, hata kuku wakati wa kuwapa mtama. Anakuita kwa jina, au anainuka anakufuata uliko. Na mtoto akimwita mwenzake hivi," akainamisha kiganja, "anamkemea mpaka machozi. Tulidhani ni mkono unamuuma. Wewe ulifanya naye kazi, baba. Uliwahi kujua kwa nini?"

Niliweka kikombe chini. Korongo lile nalijua. Mtu aliye kwenye kijia cha chini akiinua kichwa humwona mtu wa juu vizuri, mwili wote na mikono yake, nyuma yake ni anga tupu. Aliniona. Aliuona mkono nikiunyanyua na yule mama akirudi, na aliutambua, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha nyuma ya gari, mara tatu, dereva akicheka. Alipojibu pale mlangoni kwamba ukingo ni wake, mimi miaka yote nilidhani ananifichia mimi. Kumbe alikuwa akijihukumu mwenyewe. Na mimi ndiye pekee duniani niliyeweza kuja kumwambia kwamba kumwita mtu kwa heshima si kosa, kosa ni kusimama nikiita nilipopaswa kukimbia. Nimekuja, udongo umeshamfunika.

Nilimweleza Dama yote. Picha, kamera, mkono, askari, maneno yangu kwa askari. Sikupunguza. Aliendelea kupukuchua mpaka nilipofika kwa askari, hapo akaacha, gunzi limebaki mkononi. Nilipomaliza aliliweka gunzi kwenye mkeka. Aliinuka, akakung'uta kanga yake, akaingia ndani.

Nilingoja. Niliona hakuna la kungoja. Nikaiegemeza fimbo kwenye mkorosho, upande wa kichwa, nikaomba dua niliyoijua kwa mtu wa dini nyingine, nikaondoka. Nilipofika kwenye ua wa minyaa nikageuka.

Dama alikuwa amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha, kiganja kimetazama chini, vidole vinapepea. Kwetu mkono huo una maana moja, na mtoto wa miaka miwili anaijua. Mimi nilisimama nisiweze kwenda mbele wala nyuma. Nilikuwa namwona, na sikujua ananiita au ananifukuza.

"Rudi, baba!" akapaza sauti. "Mama yuko ndani, ameamka. Hayo uliyoniambia mimi, njoo umwambie yeye."

Nikarudi. Uwanja ule si mrefu, lakini nilitembea muda mwingi, na mkono wake haukushuka mpaka nilipofika mlangoni.